Hongo ya Misafara na Ada za Magari ya Safari



Mtaa wa Asiatique katika mji wa Bujumbura ni mtaa wa maghala na maduka. Ulipata jina lake wakati wa utawala wa Wabelgiji, ambao waliugawa mji kwa asili za watu: Wazungu mahali pao, Waafrika katika mitaa kama Buyenzi, na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu hapo Asiatique. Mgawanyo ule ulikwisha pamoja na ukoloni, lakini jina limebaki, biashara imebaki, na Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya bei na ya mapatano. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa humo hutoka bandari ya Dar es Salaam, na zile zinazoletwa kwa lori husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika dukani.

Ndiyo sababu gharama ya gari la safari huzungumzwa sana katika mtaa huo. Mwenye lori au basi hulalamika kwamba kulisajili gari na kuliendesha kumekuwa ghali. Mnunuzi wa mchele na sabuni hulalamika kwamba bei hazishikiki. Na askari anayesimama kwenye kizuizi cha barabarani husikia malalamiko ya wote wawili, kisha arudipo nyumbani huyasikia tena kutoka kwa mkewe aliyetoka sokoni. Inafaa basi kuchambua fedha hizo huenda wapi, zipi ni za halali na zipi si za halali, na askari mwenyewe anashika nafasi gani katika hesabu hiyo.

Gari la safari la leo ni mrithi wa msafara wa miguu. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Ujiji vyombo vilielekea kaskazini hadi nchi ya Uzige, ambako leo uko mji wa Bujumbura. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Nyuma yake walifuata wapagazi na mizigo ya merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na kandokando walitembea askari wenye bunduki. Kazi ya askari njiani, kwa hiyo, ni kongwe kuliko barabara yenyewe.

Watu wa Ulaya wana neno lao, karavani, ambalo asili yake ni lugha ya Kiajemi na maana yake ya kwanza ni huo huo msafara. Siku hizi neno hilo hutumika huko zaidi kwa nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari la mtalii. Hata nyumba hiyo haikwepi sheria. Ujerumani huipa namba yake yenyewe ya usajili, na Uingereza huitaka ivae namba ya gari linaloivuta. Mtalii avukaye mipaka ya nchi nyingi na gari lake huweza kutakiwa kubeba hati ya dhamana ya forodha, ya kuthibitisha kwamba gari hilo halitauzwa njiani bila kulipiwa ushuru. Ni dhahiri kwamba kila mahali duniani chombo kinachotembea barabarani hulipiwa. Swali linalobaki ni kiasi gani, kwa nani, na kwa utaratibu gani.

Misafara ya zamani nayo ililipa. Malipo yale yaliitwa hongo. Mtawala wa nchi, hasa katika Ugogo ambako maji yalikuwa haba, alitoza vitambaa, shanga na waya kabla ya kuruhusu msafara kuchota maji, kununua chakula na kupita. Wakati huo neno hongo halikuwa na aibu. Lilikuwa ushuru wa njia, uliodaiwa hadharani, tena kwa majadiliano marefu mbele ya wazee. Mwenye msafara aliyeijua njia aliweka akiba ya nguo kwa ajili hiyo tangu alipokuwa pwani.

Hata hivyo, hongo ile ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuwa na kiwango kilichojulikana. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akielekea Ujiji kumtafuta Dakta Livingstone, alipita katika nchi ya Uha, jirani na Burundi. Alilipa mzigo mkubwa wa vitambaa, akidhani kwamba amemaliza. Kisha akaambiwa kwamba mbele yake wako wakubwa wengine, na kila mmoja anangoja fungu lake. Alipopiga hesabu na kuona kwamba angefika Ujiji mikono mitupu, alimkodi mtu mwenye kuijua nchi, akaondoka usiku na msafara wake wote, akakata porini kimya kimya mpaka alipotoka katika nchi ile. Wale wakubwa waliokuwa wakimngoja hawakupata hata kipande cha kaniki.

Kisa hicho kina funzo ambalo halijazeeka. Njia inayotozwa kupita kiasi, na bila kipimo, huhamwa. Msafiri mwaminifu hugeuka kuwa mtoro wa usiku, na mwenye haki ya kutoza hukosa hata kile kidogo ambacho angekipata. Mwishoni mwa karne ile utawala wa Wajerumani ulipoingia, uwezo wa watawala wale wa kutoza misafara ulivunjwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara mirefu ya wapagazi katika njia ile ilikosa kazi. Lakini neno hongo halikufa. Lilibadilika maana, likawa jina la malipo ya siri anayopewa mtu mwenye madaraka ili afanye asichopaswa kufanya, au asifanye anachopaswa kufanya. Kilichokuwa ushuru wa hadharani kimekuwa rushwa ya kificho.

Sasa zitazamwe gharama za gari la leo, moja baada ya nyingine.

Gharama ya kwanza ni ya kuliingiza gari nchini na kulisajili. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 ilianza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha. Kwa utaratibu huo gari dogo litokalo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 25. Mwaka huo huo wa 2009 nchi ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ikaundwa mamlaka ya mapato ijulikanayo kwa herufi OBR. Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe hesabu ya mfano. Gari lenye thamani ya forodha ya dola 4,000 hutozwa ushuru wa dola 1,000. Kisha kodi ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya dola 5,000, nayo ni dola 900. Kwa hiyo, hata kabla ya tozo nyingine na ada ya namba, mwenye gari anadaiwa dola 1,900. Hapa mwananchi huona kwamba kodi imekaa juu ya kodi, na ndivyo ilivyo, kwa mujibu wa sheria.

Gharama ya pili haionekani katika karatasi yoyote ya forodha, nayo ni thamani ya fedha. Mwezi Mei mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa takriban faranga 2,100, ikapanda hadi zaidi ya faranga 2,800. Zile dola 1,900 za mfano wa hapo juu zilikuwa faranga 3,990,000. Kwa bei mpya zikawa faranga 5,320,000. Tofauti ni faranga 1,330,000, ilhali kiwango cha kodi hakikuongezwa hata asilimia moja. Wengi huwashutumu watoza ushuru kwa ongezeko ambalo chanzo chake kiko katika soko la fedha za kigeni. Askari anayelielewa jambo hili ataweza kulieleza kwa utulivu kwa mwananchi mwenye hasira, na maelezo ya utulivu huzuia ugomvi mwingi.

Gharama ya tatu ni mafuta. Burundi haina kiwanda cha kusafisha mafuta. Kila lita hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na huletwa kutoka mbali. Wenyeji wa Bujumbura wamekwisha kuonja maana ya jambo hilo zaidi ya mara moja. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu mpaka Januari 1999, na mafuta yakawa adimu na ghali mno. Miaka ya tangu 2021 ilileta tena misururu mirefu kwenye vituo vya mafuta, kwa sababu fedha za kigeni za kuyanunulia zilikuwa haba. Na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei za mafuta duniani kote. Gari linalokesha kituoni likingoja mafuta haliingizi hata senti, lakini dereva wake anakula, utingo wake anakula, na deni la mwenye gari linaendelea kukua.

Gharama ya nne ni tozo za barabara za nchi zinazopitwa. Jumuiya ya COMESA, ambayo Burundi ni mwanachama wake, iliweka kiwango cha dola 10 kwa kila kilomita 100 kwa lori lenye ekseli zaidi ya tatu. Nchi zikiheshimu kiwango kimoja, mwenye lori hujua gharama yake kabla ya kuwasha injini. Zisipokiheshimu, hutokea kama yaliyotokea mwaka 2013. Tanzania ilikuwa ikiyatoza malori ya Rwanda dola 500; Rwanda nayo, kwa kulipiza, ikapandisha tozo kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi dola 500. Katika mashindano ya namna hiyo serikali haimlipishi serikali. Anayelipa ni mnunuzi wa mwisho, dukani.

Gharama ya tano ni bima. Katika jambo hili ushirikiano wa nchi umeleta nafuu ya kweli. Tangu mwaka 1987 uko mpango wa Kadi ya Njano wa COMESA, ambao kwa huo gari lililokatiwa bima nchini mwake hutambuliwa katika nchi nyingine wanachama wa mpango, bila kulazimika kununua bima mpya kwenye kila mpaka. Kadi moja imeondoa madirisha mengi ya kulipia, na dirisha likiondoka, nafasi ya ulaghai dirishani nayo huondoka.

Gharama ya sita ni matengenezo: matairi, breki, oili na vipuri. Hii ndiyo gharama ambayo mwenye gari huikata kwanza mambo yakiwa magumu, kwa kuwa hakuna anayeidai kwa siku maalumu. Hapo ndipo hesabu ya fedha inapogeuka kuwa hesabu ya roho za watu. Barabara Kuu ya Kwanza hupanda kutoka Bujumbura, mji ulio karibu na mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika umbali usiofika kilomita 40. Lori linaloteremka mlima huo na shehena, likiwa na breki zilizokwisha, ni hatari kwa abiria wa mabasi, kwa waenda kwa miguu, na kwa wale vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi mjini. Askari anayelizuia lori la namna hiyo hamwonei mwenye gari. Anaokoa maisha, na huenda likawemo la dereva yule yule anayemlaumu.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Majaribio ya wahandisi yaliyofanyika Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haukui sawasawa na uzito, ila hukua kwa kasi kubwa mno: ekseli iliyobebeshwa mzigo maradufu huiumiza barabara kiasi cha mara 16. Afisa wa mizani anayefumba jicho kwa noti moja ameuza mamilioni ya lami kwa bei ya chakula cha mchana.

Ukiacha gharama hizo sita ambazo zina msingi katika sheria au katika soko, iko ya saba isiyo na msingi wowote, nayo ni hongo kwa maana yake ya leo. Wengine husema kwamba kiasi chenyewe ni kidogo, na kwamba askari naye ana watoto. Ichukuliwe tena hesabu ya mfano. Lori likisimamishwa mara 10 safarini, na kila mara likaachiwa kwa faranga 5,000 zisizo na stakabadhi, jumla ni faranga 50,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hasara kubwa zaidi haimo katika zile faranga 50,000. Imo katika kutojulikana. Mfanyabiashara wa Asiatique hapangi bei kwa yale aliyotozwa jana. Hupanga kwa yale anayohofia kutozwa kesho. Asipojua kama kesho ni faranga 50,000 au 200,000, huweka bei ya kujikinga na 200,000. Tofauti hiyo humfikia kila mnunuzi, pamoja na mke wa askari aliyepokea zile 5,000. Kwa njia hiyo askari huyo hujilipisha mwenyewe, na huwalipisha wenzake ambao hawakupokea chochote.

Tena iko hatari inayohusu usalama moja kwa moja. Gari lililozoea kupita kwa noti haliulizwi limebeba nini. Leo limebeba mchele uliozidi uzito; kesho laweza kubeba silaha au watu waliouzwa. Kizuizi kinachonunulika hakimzuii adui, kinamkadiria bei tu.

Serikali kadhaa za Afrika Mashariki zimekwisha kutambua kwamba dawa ya jambo hili imo pia katika namna ya kutoza. Katika bajeti ya mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Faida zake zilikuwa mbili. Anayetumia barabara sana alilipa zaidi, na anayeliegesha gari lake hakulipa. Aidha, polisi wa barabarani hakuwa tena na sababu ya kulisimamisha gari ili kutazama kama ada ile imelipwa, kwa kuwa ilikuwa imelipwa kwenye pampu. Upande wa pili wa njia hiyo ni kwamba serikali huweza kuongeza mzigo kwa urahisi, na mzigo huo humfikia hata asiye na gari, kupitia nauli na bei za vyakula. Mwaka 2024 Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka huo huo pendekezo la kutoza kila gari kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka liliondolewa baada ya wananchi kulipinga kwa nguvu. Mambo hayo yaonyesha kwamba mwananchi hukubali kulipia barabara anayoiona, lakini hukataa akihisi kwamba hakuulizwa wala hakuelezwa.

Kwa upande wa Jumuiya, mwaka 2017 ilipitishwa sheria ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, yaani ucheleweshaji na masharti yanayozuia bidhaa kupita hata pale ambapo ushuru umekwisha kulipwa. Mahali kama Kobero, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Lakini sheria haina mikono. Mikono yake ni askari na ofisa wa forodha.

Wajibu wa askari katika jambo hili si mgumu kuutaja. Kwanza, ajue ada za halali zinazohusu kazi yake, ili asidai isiyokuwepo wala asisamehe iliyopo. Pili, kila faranga ipokelewe kwa stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi haikufika kwa serikali, hata kama aliyeipokea alivaa sare yake. Tatu, ukaguzi wa breki, matairi na uzito ufanywe kwa ukamilifu na kwa haraka, kwa maana lori lililokaguliwa vizuri mara moja halina haja ya kusimamishwa tena baada ya kilomita tano. Nne, msafiri asemeshwe kwa heshima, awe tajiri mwenye malori 20 au kijana mwenye gari moja la mkopo.

Wajibu wa viongozi nao haupaswi kusahauliwa. Ada zikiwa nyingi, zikabadilika mara kwa mara, na zisibandikwe mahali zinaposomeka, askari mwaminifu huwekwa katika majaribu, na askari asiye mwaminifu huwekewa kichaka cha kujificha. Orodha fupi ya ada, iliyoandikwa kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili na kubandikwa mpakani na kwenye mizani, ni jambo la gharama ndogo, nalo humsaidia askari kama linavyomsaidia dereva.

Thamani ya dola haipangwi kwenye kizuizi cha barabarani, wala bei ya mafuta haiamuliwi hapo. Katika gharama zote zilizotajwa, ile ya saba peke yake ndiyo iliyo mikononi mwa askari moja kwa moja, na yeye aweza kuifuta leo, bila kungoja bajeti wala mkutano wa mawaziri. Akiifuta, mfanyabiashara wa Asiatique atapanga bei kwa hesabu badala ya hofu, na dereva ataifuata barabara kuu mchana, hana haja ya kutafuta njia za porini usiku kama msafara ule wa mwaka 1871.